Suti inatoa vipovu kifuani ikishapita kwa dobi: wa kulaumiwa ni dobi, fundi, pasi au joto la Dar?

#1 Mwana_Upanga
Wakuu salaam.
Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Nina suti mbili za kazini, ya bluu iliyokolea na ya kijivu, zote nilizinunua mpya dukani Kariakoo. Mwaka wa kwanza zilikaa vizuri, kila mtu ofisini aliniuliza nimetoa wapi. Sasa ile ya bluu, hapa kati ya ukosi na mfuko wa leso, imetoa vipovu vipovu kama rangi ya ukuta uliovujiwa na maji. Ukipiga pasi vinalala. Ukivaa nusu saa vinarudi.
Fundi wangu anasema dobi kaiharibu. Dobi anasema kiwanda kilichoishona ndicho chenye kosa. Jirani yangu, mtu mzima, anasema suti si vazi la pwani, jasho limeiozesha kwa ndani. Kila mmoja anamtupia mwenzake na mimi Jumatatu nina kikao.
Nani yuko sahihi? Na je, inatengenezeka?

#2 NgojaWaje
Ngoja mafundi waje. Nimeweka kambi, na yangu imeanza kwenye ukosi.

#3 FundiKipimo
Mleta mada, pole. Mimi ni fundi wa makoti, nimefundishwa na marehemu baba yangu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.
Koti la suti mbele halina kitambaa kimoja. Kuna kitambaa cha juu unachokiona, kuna bitana kwa ndani, na katikati kuna kitambaa cha kulipa koti umbo. Hicho cha katikati ndicho chenye siri. Zamani kilikuwa kanvasi, iliyofumwa kwa pamba au kitani na sufu, na kifuani ikichanganywa na singa za farasi ili isinyauke. Kanvasi hushonwa kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea, haishiki kitambaa cha juu kwa nguvu. Mwili ukicheza, nayo inacheza.
Suti nyingi za dukani leo zina kitambaa cha gundi. Kinawekwa nyuma ya kitambaa cha juu, vinapitishwa kwenye mashine yenye joto na mkandamizo, gundi inayeyuka na kushika. Ni kazi ya sekunde chache badala ya saa kadhaa za mkono. Vipovu vyako ni sehemu ambazo gundi imeachia.
Kwa nini imeachia? Kwa maoni yangu, maji. Kitambaa cha juu kikiwa na sufu, kikilowa na kukauka kinarudi nyuma. Kile cha gundi hakirudi kwa kiasi hicho hicho. Viwili vilivyoshikana vikipishana urefu, lazima kimoja kitoe matuta. Dobi wengi mjini wameandika nje "drai klina" lakini nyuma kuna beseni na sabuni ya unga. Samahani kwa madobi waliomo humu.

#4 DobiRockCity
Samahani imepokelewa, Fundi, lakini hukumu siipokei. Nipo Mwanza, kazi hii ndiyo inayolisha wanangu.
Usafi mkavu wa kweli hautumii maji, unatumia dawa ya majimaji. Iliyozoeleka duniani ni pakloroethilini, ina harufu kali na inachemka kwenye nyuzi 121. Inatoa mafuta vizuri sana. Lakini ninyi wateja mnaleta koti lenye jasho la miezi, soda ya harusini na maji ya muwa. Chumvi ya jasho na sukari haziyeyuki kwenye dawa ile, zinataka maji. Kwa hiyo hata mwenye mashine halisi hupitisha kitambaa chenye maji kidogo pale penye doa. Doa la soda halionekani likiwa limekauka, ila pasi ikilipita linageuka kahawia, halafu mteja anasema nimemuunguzia nguo.
Na kuhusu vipovu: kuna makoti yanaletwa kwangu mara ya kwanza tangu yanunuliwe, tayari yana vipovu. Hayo niliyafua lini? Gundi ya bei rahisi, iliyopakwa nukta chache, inaachia yenyewe. Sisi ndio tunakuta maiti, tunaambiwa tumeua.

#5 MamaTegemea
Habari za jioni jamani. Mimi si fundi wala dobi, ni mke wa mtu anayevaa suti kila Jumapili na siku za vikao vya kanisa.
Nataka kumuuliza mleta mada: hiyo pasi unapiga mwenyewe? Maana hapo ndipo wanaume wengi mnapoharibia. Mnaweka pasi moto wa mwisho, mnalalia kifua cha koti moja kwa moja bila kitambaa juu yake. Gundi ile ile iliyoshika kwa joto ndiyo inayoyeyuka kwa joto. Hata kama haikuachia, mnabaki na mng'ao magotini na kwenye makalio ya suruali.
Mimi naweka kitambaa cha pamba kibichi, nimekikamua vizuri, pasi ya wastani, nabonyeza na kunyanyua, siburuzi. Kisha koti linakaa kwenye henga pana ya mbao mpaka lipoe kabisa ndipo linaingia kabatini. Suti ya mume wangu ni ya dukani kama yako na kifua kimelala mpaka leo.

#6 Mwana_Upanga
Mama Tegemea shikamoo. Ndiyo, napiga mwenyewe, na ni moja kwa moja juu ya koti. Ila vipovu vilikuwepo kabla sijaigusa na pasi, vilikuja siku nilipoitoa kwa dobi.

#7 MamaTegemea
Marahaba mwanangu. Basi dobi naye alikuwa na pasi.

#8 KameraGikomba
Wasee wa Bongo mko salama? Niko Nairobi, nauza makoti ya mitumba Gikomba. Sisi huita kamera zile nguo za kwanza kabisa bale ikifunguliwa, zile safi.
Niwaambie kitu. Makoti yanayotoka Ulaya, hasa ya miaka ya zamani, mengi yana kanvasi, na hayana hii shida. Mtu anapita anasema "hili ni kuukuu" halafu anaenda kununua mpya ya gundi kwa bei mara tatu.
Ukitaka kujua, fanya hivi. Shika koti chini ya tundu la kifungo cha mwisho. Finya kitambaa cha mbele kwa vidole vya mkono mmoja na cha ndani kwa vidole vya mkono mwingine, vuta vitengane. Ukihisi kuna kitu cha tatu kinaelea katikati, hiyo ni kanvasi. Ukihisi vitu viwili tu, na cha mbele ni kigumu kidogo, ni gundi. Jaribu hapo chini, maana kuna makoti yenye kanvasi kifuani tu, kuanzia mfukoni kwenda chini ni gundi.

#9 FundiKipimo
Kamera amesema kweli tupu. Naongeza: usikate tamaa na gundi zote. Kuna gundi nzuri. Nimeona makoti ya Kijapani ya mtumba yana gundi na kifua kimenyooka.

#10 BaruaMuscat
Asalaam alaykum. Nipo Muscat, asili Pemba.
Mnaosema joto, naomba mnieleze hili. Hapa mwezi wa sita nje ni nyuzi arobaini na kitu. Koti langu linakaa ndani ya gari lililofungwa juani, ukishika usukani unaungua. Ni suti ya gundi, nimefinya sasa hivi kama alivyosema ndugu wa Gikomba. Haina kipovu hata kimoja. Wenzangu Waomani ofisini wanavaa dishdasha za pamba na wananiuliza nastahimili vipi, lakini kiyoyozi cha ofisi ni baridi ya kutetemeka, koti nalihitaji zaidi mchana kuliko usiku.
Kwa hiyo joto peke yake silikubali.

#11 FundiKipimo
Barua, joto lako ni kavu.

#12 BaruaMuscat
Fundi, Muscat ni mji wa bahari. Kiangazi miwani inapata ukungu ukitoka tu mlangoni. Unyevu tunao.

#13 MlimaKipengere
Habari wadau. Natokea Makete, na Barua amenikumbusha. Huku kwetu baridi ya mwezi wa saba barafu inalala kwenye majani. Koti la mjomba lilitoa vipovu na halijawahi kumwona dobi, kwa sababu dobi hakuna. Halijawahi kuingia majini. Lilikuwa linapigwa pasi ya mkaa tu, na pasi ya mkaa haina kipimo, leo moto huu kesho moto ule. Namuunga mkono Mama Tegemea.

#14 NgojaWaje
Na mimi naongeza la kuvuruga. Yangu haijapigwa pasi tangu ninunue. Naitundika bafuni wakati naoga maji ya moto, mvuke unanyoosha mikunjo. Na ukosi umeanza kuvimba.

#15 DobiRockCity
Mvuke ni maji, mzee. Maji ya moto.

#16 NgojaWaje
Lakini kila anayejua suti ananiambia nitumie mvuke!

#17 FundiKipimo
Kwa koti la kanvasi mvuke ni dawa. Kwa la gundi, mvuke mdogo kwa mbali sawa, lakini siyo kila asubuhi. Na usilikandamize likiwa na unyevu.

#18 ShanganiAli
Hamjambo. Niwarudishe kwenye jambo la jirani yake mleta mada, kwamba suti si vazi la pwani. Sisi Unguja tumevaa koti juu ya kanzu tangu enzi za mababu. Sikukuu ya Idi nenda msikitini uone wazee: kanzu nyeupe, kofia ya mkono, koti jeusi au kijivu, na wala hawatoki jasho kama ninyi mnaovaa mashati ya plastiki chini ya suti za plastiki.
Tatizo ni kitambaa. Watu wanaona sufu wanasema ni ya baridi. Sufu nyepesi iliyofumwa wazi, uzi juu uzi chini, nyuzi zimesokotwa sana, ukiinyanyua dhidi ya taa unaona mwanga unapenya. Upepo unapita. Tena sufu hunyonya mvuke wa mwili mpaka karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Poliesta hainyonyi hata asilimia moja, jasho linabaki mgongoni kwako. Mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imetulia na jua la utosi, poliesta ni adhabu.
Na angalieni bitana. Unaweza kuwa na sufu nzuri juu halafu bitana ya poliesta imezunguka mwili mzima. Mwambie fundi akuwekee nusu bitana, mabegani na mikononi tu, mgongo ubaki wazi.

#19 Kijana_Modo
Bro Ali asante, lakini sufu bei yake? Halafu dukani muuzaji anasema zote ni sufu.

#20 KameraGikomba
Usiamini mdomo. Ndani ya mshono wa suruali kuna kitambaa cha akiba. Toa nyuzi chache, zichome na kiberiti mbali na nguo. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanapondeka kwa vidole. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kijitone kigumu. Ikifanya yote mawili ni mchanganyiko, na mchanganyiko si dhambi, hasa kwa suruali ya kila siku.

#21 SuperMia
Mimi suti zangu zote ni Super 180, kwa hiyo ni nzito na imara kuliko hizo za Super 100. Namba ikipanda ubora unapanda. Za hivyo hazitoi vipovu.

#22 ShanganiAli
Ndugu SuperMia, hapo tusahihishane kwa wema. Namba ya Super haipimi uzito wala uimara. Inapima wembamba wa unywele wa sufu. Super 100 unywele wake hauzidi maikroni 18.75 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Super 120 hauzidi 17.75. Super 150 hauzidi 16.25. Kadiri namba inavyopanda ndivyo unywele unavyokuwa mwembamba, kitambaa laini, na kinachakaa mapema. Kwa mtu anayepanda mwendokasi kila siku na mkoba begani, Super 100 au 110 inamfaa kuliko 180.
Uzito ni jambo lingine, unapimwa kwa gramu kwa mita. Kwa Dar na Unguja tafuta gramu 220 hadi 260. Nairobi mwezi wa saba unaweza kuvaa 300. Makete kwa ndugu yetu, hata 370 ataifurahia.
Na vipovu havijui Super. Super 180 ikiwekwa gundi mbaya itavimba tu.

#23 SuperMia
Nimeelewa, ahsante. Ila muuzaji aliniambia vinginevyo na alikuwa na uhakika sana.

#24 MlimaKipengere
Wauzaji wote wana uhakika. 370 nimeiandika, naitafuta.

#25 Lushi_Sapeur
Jambo wote. Niko Lubumbashi. Sisi huku suti ni jambo la heshima kubwa, mnajua habari za sape, ule utamaduni wetu wa kuvaa kifahari, mnamjua mwanamuziki Papa Wemba. Lakini vijana hawajui kwamba kulikuwa na wakati suti na tai zilikatazwa. Enzi za Zaire, Mobutu alileta abakosti, koti la ukosi wa juu lisilo na tai, linafungwa mpaka shingoni. Baba alikuwa na za mikono mifupi za kiangazi na za mikono mirefu za sherehe. Mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi, ndipo tai zikaruhusiwa tena. Baba alizitoa tai zake kwenye sanduku, nondo walikuwa wamezila matundu.
Kwa habari ya vipovu: abakosti za baba zilishonwa na fundi wa mtaani, zina kanvasi, ninazo hadi leo. Gundi ndiyo mkosaji, si dobi.

#26 Kijana_Modo
Hiyo abakosti ni kama kaunda suti tu?

#27 Lushi_Sapeur
Ni ndugu, lakini si moja. Kaunda ina mifuko minne mara nyingi na ukosi wa shati. Abakosti mara nyingi huvaliwa na leso shingoni.

#28 KameraGikomba
Kaunda suti huku ilirudi kwa kishindo 2023, Rais Ruto alipozivaa sana. Mafundi walipata kazi kweli. Halafu Novemba mwaka huo huo Spika Wetang'ula akasema bungeni hazikubaliki, koti na tai ndiyo kanuni. Mimi niliumia. Vazi lililobeba jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, linalofaa jua letu, linaachwa nje ya mlango.

#29 ShanganiAli
Nami nimeumia. Kwa hali ya hewa yetu kaunda suti ya kitani au pamba ni vazi rasmi kamili. Haina tai ya kunyonga, haina kanvasi wala gundi kubwa, inafuliwa nyumbani.

#30 SuperMia
Hapana jamani. Harusini bwana harusi na kaunda suti? Suti ni suti.

#31 MamaTegemea
SuperMia, mume wangu alinioa na kaunda suti ya kijivu, na picha ile ipo ukutani.

#32 Mwana_Upanga
Wakuu tumehama, ila nafurahia. Naomba turudi kidogo: ya bluu inatengenezeka au nigawe?

#33 FundiKipimo
Kuna njia mbili na zote zina kasoro. Ya kwanza, kubonyeza upya: kitambaa kibichi, pasi ya wastani, sekunde kama kumi na tano bila kuburuza, acha ipoe ikiwa imelala. Kama gundi bado ipo inaweza kushika. Mara nyingi inashika kwa muda tu, maana pasi ya nyumbani haina mkandamizo wa mashine ya kiwandani.
Ya pili, nifungue bitana, nibandue kitambaa chote cha gundi, niweke kanvasi kwa mkono. Inawezekana. Lakini gharama yake inakaribia kushona koti jipya, na kama mabaki ya gundi yamekwama nyuma ya kitambaa, hayatoki yote. Kwa suti ya kawaida sikushauri.

#34 DobiRockCity
Kuna waganga wa mtandaoni wanasema chukua sindano ya hospitali, ingiza gundi ya maji ndani ya kipovu, bonyeza. Nimeona matokeo. Inaacha doa gumu linaloonekana hata kwa mbali. Msifanye.

#35 NgojaWaje
Nilikuwa nimeshanunua sindano. Asante Dobi.

#36 Kijana_Modo
Swali langu la pembeni. Suti yangu ikifungwa kifungo inavuta mistari kama herufi X tumboni. Rafiki anasema ndiyo mtindo wa modo, wa kubana. Inahusiana na vipovu?

#37 FundiKipimo
Inahusiana sana, na nashukuru umeuliza. Koti linalobana linavuta kifua kila unapokaa, unapoendesha gari, unaponyanyua mkono. Gundi inavutwa siku nzima. Nimeona vipovu vingi kwenye makoti ya kubana kuliko ya saizi sahihi.
Kipimo ni hiki. Anza na bega: mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Bega likikosea, liache dukani, kulitengeneza ni kulivunja koti zima. Kifungo kikifungwa, ngumi yako ipite kati ya koti na tumbo bila kusukuma. Ukosi wa koti ulalie ukosi wa shati nyuma ya shingo, pasiwe na uwazi. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo, shati lichungulie sentimita moja au moja na nusu. Kiuno, mikono na urefu wa suruali, hivyo fundi yeyote mzuri anarekebisha.

#38 KameraGikomba
Kwa wanunuzi wa mitumba: ukikuta namba 40 ni inchi za kifua, mfumo wa Uingereza na Marekani. Ukikuta 50 ni ya bara la Ulaya, toa 10 unapata 40. Wengi huona 50 wanakimbia wakidhani ni ya jitu.

#39 Kijana_Modo
Nimewahi kukimbia. Nashukuru.

#40 BaruaMuscat
Nami niulize la muda mrefu. Kile kibandiko cha jina la kampuni kilichoshonwa nje ya mkono wa koti, kinatolewa au kinaachwa? Nikija likizo Pemba naona watu wanaacha, hata viongozi.

#41 SuperMia
Kinaachwa. Ndiyo watu wajue umenunua nini.

#42 FundiKipimo
Kinatolewa, kwa heshima zote. Kimeshikizwa kwa nyuzi chache nyepesi ili muuzaji aone kitambaa kwenye rundo. Pia ule mshono wa X kwenye mpasuo wa nyuma, na mifuko iliyoshonwa mdomo. Vyote ni vya kulinda koti safarini. Mpasuo ukibaki umeshonwa, ukikaa koti linavuta mgongo na kifua. Naam, vipovu tena.

#43 ShanganiAli
Na kifungo cha chini kabisa kisifungwe. Koti limekatwa kwa kukiacha wazi, ukikifunga linajikunja kiunoni.

#44 MlimaKipengere
Mimi niliambiwa ni kwa ajili ya mfalme wa Uingereza, Edward wa saba, alikuwa mnene, akaacha kufunga na watu wa nyumba yake wakamfuata.

#45 Lushi_Sapeur
Sisi tuliambiwa ni kwa ajili ya kupanda farasi, koti lisibane mapaja. Wazee wa sape wanagombania hilo mpaka bia zinaisha.

#46 MamaTegemea
Jamani, kabla mjadala haujafungwa, Lushi ametaja nondo na hakuna aliyejibu. Sufu mnayoisifia inaliwa. Anayekula si yule nondo anayeruka, ni mtoto wake, kifunza, na anapenda zaidi sehemu yenye jasho na chakula. Poliesta haigusi. Kwa hiyo suti iingie kabatini ikiwa safi. Isugue kwa brashi laini kila ukivua, iache hewani usiku mzima, usiivae siku mbili mfululizo. Na mfuko wa nailoni wa dobi utoe siku hiyo hiyo, masika unafuga kuvu ndani yake.

#47 ShanganiAli
Mama, hapo kwenye masika umegusa pabaya. Mwezi wa nne kabati zetu zinatoa kuvu hadi kwenye viatu. Sisi tunafukiza nguo kwa udi, na bibi aliweka karafuu kwenye sanduku. Harufu nzuri sana, ila sidhani kama kifunza anajali.

#48 MlimaKipengere
Weka vipande vya mbao ya mtarakwa. Ule ndio uliokuwa ukitengenezewa penseli zamani, una mafuta yenye harufu, ni wa ukoo mmoja na ule ambao Wamarekani wanajengea makabati ya nguo. Harufu ikififia, ipige msasa kidogo inarudi. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, inafanya kazi lakini inaumiza kichwa, na isiwekwe chumba cha watoto, wanaidhania pipi.

#49 DobiRockCity
Kama kifunza ameshaingia, mtarakwa umechelewa. Funga koti kwenye mfuko usiopitisha hewa, liweke kwenye friza wiki mbili, kisha lisugue kwa brashi. Na usinililie kwamba friza imeleta vipovu.

#50 NgojaWaje
Friza inaleta vipovu?

#51 FundiKipimo
Sijaona.

#52 DobiRockCity
Mleta mada, kabla hujaniandikia mimi na wenzangu jina baya, finya ile ya kijivu pia. Umesema zote ulizinunua mpya Kariakoo, na nadhani dobi ni mmoja. Kwa nini moja imevimba na nyingine haijavimba?

#53 Mwana_Upanga
Nimetoka kuzifinya zote mbili. Ya bluu ni gundi tupu. Ya kijivu nahisi kitu kinaelea kifuani, chini ni gundi. Lakini kuna jingine: ya bluu ndiyo ninayoivaa nikiendesha gari, na inabana kidogo kifuani. Na nimechoma uzi kama alivyosema Kamera, ya bluu ni mchanganyiko, ya kijivu inanuka nywele.

#54 FundiKipimo
Unaona? Inabana.

#55 DobiRockCity
Unaona? Gundi tupu.

#56 Lushi_Sapeur
Gundi, nilisema mimi.

#57 MamaTegemea
Na ni ipi unaipiga pasi mara nyingi zaidi?

#58 Mwana_Upanga
Ya bluu, Mama. Karibu kila siku.

#59 BaruaMuscat
Mimi yangu pia ni gundi, inabana, na inakaa garini. Bado haijavimba. Endeleeni kunitafutia jibu.

#60 FundiKipimo
Barua, ukija likizo pitia Dar, niifungue bitana niione hiyo gundi kwa macho. Mwana_Upanga, Jumatatu vaa ya kijivu. Ya bluu niletee kabla ya wikendi, nitaipanua bure, mshono wa nyuma bila shaka una akiba ya kitambaa, halafu tuone kama kifua kitatulia.